Akaunti ya Akiba Isiyo na Kaunta

Akaunti ya akiba ya mtandaoni ni akaunti ya benki ambayo mteja huifungua, huweka fedha na kuzitoa kwa simu au kompyuta, bila kupanga foleni kwenye tawi. Kisheria haina tofauti na akaunti ya akiba ya kawaida. Fedha iliyomo ni amana iliyo mikononi mwa taasisi yenye leseni ya benki kuu, hulipwa riba, na mwenyewe anaweza kuidai wakati wowote au kwa masharti aliyoyakubali. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia. Kitabu cha akiba, ambacho karani wa Posta alikijaza kwa kalamu na kukigonga muhuri, kimekuwa ujumbe mfupi unaoingia kwenye simu sekunde chache baada ya muamala.

Nchini Kenya na Tanzania mlango huo ulifunguliwa na simu ya batani, kabla simu janja hazijaenea. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Ilikuwa huduma ya kutuma fedha, lakini watu walianza mapema kuitumia kama kibubu: mshahara au mauzo ya siku yakiingia, sehemu iliachwa humo humo ili isionekane nyumbani. Fedha hiyo ilikuwa salama dhidi ya mwizi wa mfukoni, ila haikuzaa kitu. Novemba 2012 Safaricom na benki ya Commercial Bank of Africa zilizindua M-Shwari, akaunti halisi ya benki iliyowekwa ndani ya menyu ya M-Pesa. Mteja aliweza kuanza na shilingi moja ya Kenya, akahamisha fedha kutoka M-Pesa kwenda M-Shwari na kuirudisha bila makato, na salio likalipwa riba. Benki hiyo iliungana na NIC mwaka 2019 na kuwa NCBA. M-Pawa ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Vodacom pamoja na kampuni tanzu ya benki hiyo hiyo, ilifuata mpango ule ule, na mwaka 2015 KCB nayo ikaingia na KCB M-Pesa. Benki nyingine zilijenga milango yao wenyewe. Nchini Tanzania, SimBanking ya CRDB na NMB Mkononi ni majina ambayo hata asiye na akaunti huko huyajua.

Jambo moja la historia hii linafaa kukumbukwa katika kila ukurasa wa sura hii. M-Shwari tangu siku ya kwanza ilikuwa akaunti ya akiba na ya mikopo kwa pamoja. Mtu aliyefungua ili aweke alikutana, kwenye menyu ile ile, na neno la kukopa. Akaunti nyingi zilizofuata zimejengwa hivyo hivyo, na sababu yake ni ya kibiashara: riba ya akiba ni gharama kwa benki, ilhali mkopo ndio unaoiletea mapato.

Vinavyofanana na akaunti ya akiba

Skrini ya simu haitofautishi vitu ambavyo sheria inavitofautisha sana. Salio la M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa si amana ya mteja benki. Kampuni ya simu hutakiwa kuweka fedha zote za wateja kwenye akaunti za udhamini katika benki za biashara, zikiwa zimetengwa na fedha zake yenyewe, ili kampuni ikifilisika wadai wake wasizifikie. Ulinzi huo ni mzuri, lakini haulipi riba kama akaunti ya akiba. Tigo Pesa ya Tanzania ilianza mwaka 2014 kuwagawia wateja faida iliyotokana na fedha hizo za udhamini kila robo mwaka, na wengi walishangaa kukuta vishilingi wasivyovitarajia. Hata hivyo, gawio la namna hiyo hutegemea faida iliyopatikana, wakati riba ya benki huandikwa kwenye masharti.

Kitu cha pili ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama mifuko ya UTT AMIS nchini Tanzania au mifuko ya soko la fedha inayouzwa na kampuni za bima na uwekezaji nchini Kenya. Nayo hufunguliwa kwa simu, nayo huonyesha salio linalokua. Mara nyingi faida yake huizidi riba ya akaunti ya akiba, kwa kuwa fedha hununua hati fungani na dhamana za serikali. Ila mwekezaji hana amana: ana vipande, vyenye thamani inayotegemea mali ya mfuko, na bima ya amana haimhusu. Kwa mwenye fedha atakayoihitaji baada ya mwaka au zaidi, mfuko wa aina hiyo unastahili kufikiriwa kabla ya akaunti ya akiba. Kenya ilijaribu hata kuiuza hati fungani yenyewe kwa simu: M-Akiba ya mwaka 2017 ilinunuliwa kuanzia shilingi 3,000, ikalipa asilimia 10 kwa mwaka bila kodi, kwa miaka mitatu.

Cha tatu ni upatu uliovaa suti. DECI, iliyofungwa na serikali ya Tanzania mwaka 2009, iliwaambia watu wapande mbegu na wavune mara kadhaa baada ya majuma machache. Haikuhitaji simu kufanya hivyo. Waliokuja baadaye wana programu zenye rangi za kuvutia, kundi la WhatsApp na salio linalopanda kila asubuhi. Dalili haijabadilika: faida kubwa yenye uhakika, na bonasi kwa anayeleta wengine. Benki haimlipi mteja kwa kuleta majirani zake wapate riba ya asilimia 30 kwa mwezi, kwa sababu hakuna biashara halali ya kukopesha inayoweza kuibeba riba hiyo. Kabla ya kuweka hata senti, jina la taasisi litafutwe kwenye orodha ya walio na leseni, ambayo Benki Kuu ya Kenya na Benki Kuu ya Tanzania huichapisha kwenye tovuti zao. Jina liwe lile lile, neno kwa neno. Matapeli hupenda kuongeza au kupunguza neno moja kwenye jina la benki inayojulikana.

Kufungua

Kazi ya kufungua ni fupi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ilishafanyika siku laini ya simu iliposajiliwa. Benki yoyote inatakiwa na sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha haramu imjue mteja wake: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, makazi. Zamani hilo lilimaanisha picha za pasipoti, barua ya mtendaji wa kata na mdhamini mwenye akaunti. Sasa mfumo wa benki huuliza kanzidata ya serikali. Nchini Tanzania ufunguo ni namba ya kitambulisho cha taifa, maarufu kama namba ya NIDA, yenye tarakimu 20. Laini zote za simu zilishaunganishwa na namba hiyo kwa alama za vidole katika usajili uliofikia kilele mwanzoni mwa 2020. Nchini Kenya ni namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo hulinganishwa na rejesta ya watu.

Kwa akaunti iliyo ndani ya huduma ya simu, kama M-Shwari, mteja huingia menyu ya M-Pesa, akachagua mikopo na akiba, akakubali masharti na kuweka namba ya siri. Mara nyingi hajazi fomu hata moja. Kwa akaunti ya benki inayofunguliwa kupitia programu, hatua huongezeka kidogo: kupakua programu kutoka duka rasmi la simu, kuingiza namba ya kitambulisho, kupiga picha kitambulisho pande zote mbili, kupiga picha ya uso huku mfumo ukiagiza kugeuza kichwa au kupepesa macho, kisha kuthibitisha kwa tarakimu za mara moja zinazotumwa kwa ujumbe. Asiye na simu janja hutumia menyu ya nyota na reli, au huenda kwa wakala wa benki mwenye mashine ya alama za vidole.

Panapokwama ni karibu kila mara kwenye jina. Mtu aliyeandikwa Mwanaidi kwenye kitambulisho na Mwanahidi kwenye usajili wa laini atakataliwa na mfumo usiojua kwamba ni yeye yule. Wanawake waliobadili jina baada ya ndoa na watu wa pwani wenye majina matatu yanayobadilishana nafasi hukutana na tatizo hili kuliko wengine. Dawa ni kusahihisha usajili wa laini kwanza kwenye duka la kampuni ya simu, kabla ya kuigusa benki. Kosa jingine ni kufungua akaunti kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka, mume au mwajiri. Akaunti itafunguka, lakini machoni pa benki itakuwa ya aliyesajili laini, na siku wakigombana hakuna karatasi ya kumtetea aliyekuwa akiweka.

Akaunti zinazofunguliwa kwa njia nyepesi huwa na ukomo wa salio au wa muamala wa siku, ukomo unaoondolewa mteja anapofika tawini au kwa wakala na nyaraka zaidi. Hilo ni la kuuliza mapema, hasa kwa anayetarajia kuweka fedha ya mavuno au ya kiwanja kwa mkupuo.

Masharti yanayokubaliwa kwa kubonyeza namba moja ni mkataba kamili. Hakuna anayeyasoma yote, na si haki kumlaumu mtu kwa kutosoma kurasa nyingi za maandishi madogo kwenye simu ya batani. Vifungu vinne tu ndivyo vyenye uzito kwa mwekaji: riba huhesabiwaje, kutoa fedha kunagharimu nini, benki inaweza kuchukua akiba kulipa deni gani, na nini hutokea akaunti isipotumika.

Riba, kodi na makato

Riba ya akiba hutajwa kwa mwaka na kwa kawaida huhesabiwa kwa siku: salio la siku, mara kiwango, gawanya kwa 365. Mwenye shilingi 10,000 za Kenya kwa riba ya asilimia 6 hupata shilingi 49 na senti kidogo kwa siku 30. Hapo Kenya hukata kodi ya zuio ya asilimia 15, na zinabaki karibu shilingi 42. Tanzania hukata asilimia 10. Kodi hii hukatwa na benki kabla ya riba kuingia, hivyo mteja huona kiasi kilichobaki tu na wengine hudhani benki imewapunja.

Anayeweka kidogo kidogo hupata riba ndogo kuliko anavyotarajia, na hesabu yake ni vyema ionekane. Mtu anayeweka shilingi 1,000 za Kenya mwanzoni mwa kila mwezi kwa asilimia 6 anamaliza mwaka na 12,000 alizoweka. Shilingi 1,000 ya kwanza imekaa miezi kumi na miwili na kuzaa 60. Ya mwisho imekaa mwezi mmoja na kuzaa 5. Jumla ya riba ni 390. Kodi ikiondolewa, zinabaki 331 na senti 50. Kwa Tanzania, anayeweka 100,000 kila mwezi kwa asilimia 3 anapata riba ya 19,500, na baada ya kodi 17,550.

Namba hizo zina maadui wawili. Wa kwanza ni makato. Kuhama kutoka M-Pesa kwenda M-Shwari hakukatwi, lakini kutoa noti kwa wakala hukatwa kama kawaida, na kuhamisha fedha kati ya simu na benki nyingine huwa na ada yake. Mwekaji wa Tanzania aliyetajwa, akitoa milioni yake 1.2 kwa wakala wa simu, anaweza kuacha huko maelfu kadhaa ya shilingi, sehemu kubwa ya riba ya mwaka mzima. Serikali nazo huingia: Julai 2021 Tanzania iliweka tozo juu ya miamala ya simu, na ghafla hesabu ya kila aliyezoea kuhamishahamisha fedha ikavurugika hadi tozo hizo zilipopunguzwa. Anayeweka akiba atazame gharama ya safari nzima, tangu fedha inapoingia mpaka inapotoka mkononi kama noti au malipo. Mara nyingi ni nafuu kulipa ada ya shule au duka moja kwa moja kutoka kwenye akaunti kuliko kutoa noti kwanza.

Adui wa pili ni kupanda kwa bei. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Kenya ulifika asilimia 9.6. Akaunti ya asilimia 6, ambayo baada ya kodi ni 5.1, ilikuwa ikimpunguzia mwekaji uwezo wa kununua unga huku salio likipanda. Tanzania, ambako bei zimepanda polepole zaidi miaka ya karibuni, pengo ni dogo, lakini riba za akaunti za akiba huko nazo ni ndogo. Ukweli huu hauifanyi akaunti kuwa haina maana. Unaonyesha kazi yake ni ipi: kuhifadhi fedha ya dharura, ya kodi ya nyumba, ya muhula ujao, fedha ambayo ingeliwa kama ingebaki karibu. Mtu anayetafuta utajiri kwenye riba ya akiba amekuja mahali pasipouzwa bidhaa hiyo.

Kwa Waislamu wasiotaka riba, zipo akaunti za mudharaba katika benki kama Amana ya Tanzania na Gulf African ya Kenya, ambapo mwekaji na benki hugawana faida ya biashara kwa uwiano uliokubaliwa. Kiwango hakiahidiwi mapema, kwa kuwa faida haijulikani kabla ya biashara kufanyika.

Kufunga fedha

Faida kubwa ya akaunti ya simu ndiyo pia udhaifu wake. Fedha iko hatua tatu za kubonyeza kutoka mfukoni, saa nane za usiku, siku ya mnada, siku ya mchezo wa kubashiri. Kibubu cha udongo kilihitaji kuvunjwa. Tawi la benki lilihitaji nauli na nusu siku. Akaunti ya mkononi imeviondoa vizuizi hivyo, na mwenye akiba hulazimika kuvirudisha kwa makusudi.

Njia iliyo wazi ni akaunti ya kufungia fedha, yaani toleo dogo la akaunti ya muda maalumu. M-Shwari ina sehemu yake ambayo mteja hutaja lengo, kiasi na muda, na fedha hukaa huko mpaka tarehe ifike. Akibadili nia kabla ya muda, hupewa fedha baada ya saa 48. Siku hizo mbili ni ubunifu wa maana kuliko nyongeza ya riba inayotangazwa nayo, kwa maana tamaa nyingi hazidumu siku mbili. Benki nyingine humnyang'anya anayetoa mapema riba yake yote au sehemu. Hilo nalo husaidia, ingawa kwa mwenye mgonjwa hospitali ni adhabu isiyo na maana. Kwa hiyo fedha ya dharura haifai kufungwa. Ibaki kwenye akiba ya kawaida, na ya lengo lenye tarehe ndiyo ifungwe.

Njia nyingine ni agizo la kudumu: benki huambiwa ihamishe kiasi fulani kila tarehe fulani kutoka akaunti ya mshahara. Tarehe iwe siku ya mshahara au kesho yake. Agizo la tarehe 20 hukuta akaunti tupu. Kwa mwenye kipato cha kila siku, kama bodaboda au muuza samaki, agizo la mwezi halifai. Kwake kuweka kidogo kila jioni baada ya hesabu hufanya kazi zaidi, na akaunti isiyo na makato ya kuweka ndiyo inayomfaa.

Wapo wanaojiwekea kizuizi kwa njia rahisi kuliko zote: akiba kwenye benki ambayo programu yake haimo kwenye simu wanayotembea nayo.

Mkopo jirani na akiba

Mfumo wa akaunti hizi hutazama mwenendo wa mteja, yaani anaweka mara ngapi na anatumia simu vipi, na humpa kikomo cha mkopo. Watu wengi huambiwa waweke akiba ili kikomo kipande, na kweli hupanda. Hapo akiba huacha kuwa akiba na kuwa tikiti ya deni. Mkopo wa M-Shwari ulianza na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Haukuitwa riba, lakini kwa hesabu ya mwaka ni asilimia 90. Kwa mkopo wa 5,000 ada ni shilingi 375. Yule aliyeweka 1,000 kila mwezi kwa mwaka mzima alibaki na riba ya 331.50 baada ya kodi. Mkopo mmoja wa mwezi mmoja humaliza yote na kudai nyongeza.

Hali mbaya zaidi ni ya mtu mwenye akiba na deni kwa wakati mmoja, na si nadra. Ana 6,000 kwenye akiba inayomlipa senti, na mkopo wa 5,000 unaomla mamia, kwa sababu hataki kuigusa akiba. Kihesabu, hana budi kulipa deni kwa akiba na kuanza upya. Aidha, masharti ya akaunti nyingi huipa benki haki ya kuchukua akiba kulipia mkopo uliopita muda, kwa hiyo heshima hiyo kwa akiba benki yenyewe haina. Huduma za kuongezea salio, kama Fuliza iliyoanza Kenya mwaka 2019 au Songesha ya Tanzania, hufanya kazi jirani na hapo: fedha inayoingia kwenye simu hukatwa deni kwanza. Mwenye deni la aina hiyo asishangae anapohamishia fedha kwenye simu na kuikuta imepungua njiani.

Akiba ya kikundi

Vikundi vya akiba, kama vicoba vya Tanzania na chama za Kenya, vilikuwepo kabla ya simu, na sanduku lao lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu lilikuwa mfumo wa usalama usiodharaulika. Udhaifu wake ulikuwa sanduku lenyewe: likiibwa, limeibwa. M-Koba, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2019 na Vodacom pamoja na Benki ya Posta ambayo leo ni Tanzania Commercial Bank, iliweka zile funguo tatu ndani ya simu. Fedha ya kikundi hukaa katika akaunti ya benki, na kutoa huhitaji idhini ya viongozi zaidi ya mmoja, huku wanachama wakipata ujumbe. Hicho cha mwisho ndicho kilichobadilisha vikao. Mweka hazina hawezi tena kusema michango haijakamilika wakati kila mtu ameona ilivyoingia.

Kikundi kikiamua kutumia akaunti binafsi ya mmoja wao, kama vingi vinavyofanya kwa sababu ni rahisi, kijue kwamba sheria inamtambua mwenye jina peke yake. Akifariki, fedha ya kikundi itaingia kwenye mirathi yake.

Ulinzi

Mifumo ya benki huvunjwa mara chache. Anayevunjwa ni mwenye akaunti, na kwa maneno tu. Watanzania wote wanaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", uliotungwa kumnasa mtu ambaye kweli alikuwa anakaribia kutuma hela mahali. Kenya kuna anayepiga akijitambulisha kuwa wa kituo cha huduma, mwenye adabu, anayejua jina kamili la mteja. Anachotaka hatimaye ni kitu kimoja: namba ya siri au tarakimu za mara moja. Hakuna mfanyakazi wa benki anayehitaji kuzijua, kwa sababu mfumo wenyewe hauhitaji mtu azijue.

Hatari kubwa kuliko hiyo ni kuhamishwa kwa laini. Tapeli hupata taarifa za kutosha, akaomba laini mpya kwa jina la mwathirika, na tangu hapo tarakimu za uthibitisho huingia kwake. Dalili ni simu kupoteza mtandao ghafla mahali ambapo wengine wanao. Hilo likitokea, mwenye laini aazime simu ya mwingine na kupiga kampuni yake mara moja, kisha benki. Dakika zina thamani. Kwa kuzuia, kupiga *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na mara nyingine huibua laini ambayo mwenyewe hajawahi kuiona. Tanzania ina namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma.

Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, isiwe sawa na ya kufungulia simu, na wakala asipewe simu "akusaidie". Wazee wengi hupoteza fedha kwa njia hii ya mwisho, na wakati mwingine aliyesaidia si wakala bali ni mjukuu.

Benki ikianguka

Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, benki tatu za Kenya ziliwekwa chini ya usimamizi: Dubai Bank, Imperial na Chase. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa siku moja, zikiwemo Efatha, Covenant na Benki ya Wananchi Njombe. Waliokuwa na amana walijua siku hiyo maana ya bima ya amana.

Kenya bima hiyo hulipwa na Kenya Deposit Insurance Corporation hadi shilingi 500,000 kwa kila mwekaji katika kila benki, kiwango kilichopandishwa Julai 2020 kutoka 100,000. Tanzania ni Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kikomo chake kilipandishwa kutoka milioni 1.5 hadi milioni 7.5. Uganda ni milioni 10 za nchi hiyo. Kikomo huhesabiwa kwa mtu na benki, si kwa akaunti: mwenye M-Shwari na akaunti nyingine NCBA hujumlishiwa zote mbili. Mwenye fedha inayozidi kikomo hugawa kati ya benki mbili.

Akaunti iliyosahauliwa

Kitabu cha akiba kilikutwa kwenye sanduku la marehemu. Akaunti ya simu haiachi karatasi, na laini isiyotumika hufungwa na kampuni kisha namba kuuzwa kwa mwingine. Nchini Kenya, akiba ambayo mwenyewe hajaigusa wala kuwasiliana na benki kwa miaka mitano hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, ambako yeye au warithi wake wanaweza kuidai bado. Kabla ya hapo benki huifanya akaunti kuwa iliyolala. Kuiamsha huhitaji kitambulisho na pengine safari ya tawini.

Jina la ndugu wa karibu linalojazwa wakati wa kufungua huisaidia benki kujua wa kumtafuta. Kwa kawaida halimpi ndugu huyo umiliki. Tanzania, fedha hutolewa kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Kenya, kwa mwenye hati ya usimamizi wa mirathi. Kutoa fedha ya marehemu kwa namba yake ya siri, jambo ambalo familia nyingi hulifanya kabla hata ya mazishi, kunaweza kuwaletea kesi kutoka kwa mrithi mwenzao. Orodha ya benki na akaunti, bila namba za siri, ikabidhiwe mtu mmoja anayeaminika au iambatanishwe na wosia.

Kufunga akaunti isiyohitajika ni tofauti na kufuta programu kwenye simu. Programu ikifutwa, akaunti inabaki, pamoja na ada zake kama zipo. Mteja hutoa salio lote, hulipa deni lolote, husitisha maagizo ya kudumu, kisha huomba kufunga kupitia menyu, kituo cha huduma au tawi, na hudai uthibitisho wa maandishi. Taarifa ya akaunti ya miezi ya mwisho ihifadhiwe pamoja na uthibitisho huo, kwani baada ya kufungwa mteja hawezi tena kuipata mwenyewe kwenye programu.